Setilaiti yahesabu mapaa, mitaro nani aihesabu?

Picha za bure za setilaiti za Ulaya, Sentinel-2, zina nukta zenye ukubwa wa mita 10 kwa 10. Kule Vingunguti au Tandale, jijini Dar es Salaam, eneo kama hilo hubeba nyumba, choo cha uani, kibanda cha chipsi na kipande cha uchochoro, na vyote vinageuka nukta moja ya kijivu. Picha kali zipo, ila zinauzwa, na bei yake ni mzigo kwa mfuko wa halmashauri.

Ndiyo maana watu wa mipango miji wamevutiwa na picha zinazoongezwa ukali kwa akili mnemba. Setilaiti hurudi juu ya eneo lile lile kila baada ya siku chache, na kila picha huwa imesogea kidogo, pungufu ya upana wa nukta. Programu iliyofunzwa kwa picha kali huzikusanya, hadi 32 kwa eneo moja, kisha huchora majengo kana kwamba kila nukta ni nusu mita. Mwaka 2024 watafiti wa Google walitumia njia hiyo kutoa makadirio ya majengo ya kila mwaka, kuanzia 2016 hadi 2023, Afrika ikiwemo. Kwa nchi inayofanya sensa kila baada ya miaka 10, hiyo si neema ndogo. Kati ya 2012 na 2022 Dar es Salaam iliongeza watu takriban milioni moja, na wengi hawakusubiri ramani ya mtu kujenga.

Lakini tuambizane ukweli: nukta moja ikizaa 400, nyingi kati ya hizo zimekisiwa. Mashine inaweza kuchora paa pasipo na paa, au kuunganisha nyumba mbili zilizogusana mabati. Ukihesabu kata nzima ili upange zahanati au bomba la maji, makosa hayo hayaumizi. Ukiandaa orodha ya fidia au ya bomoabomoa, ni balaa. Wakazi wa bonde la Msimbazi hawajaisahau alama ya X nyekundu ya kubomolewa iliyopakwa kwenye kuta zao mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016. Alama ya namna hiyo haifai kutokana na paa la kukisia.

Tena, kama shida ni mafuriko, hayo hayaanzii kwenye paa. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa vyuo na wakazi kupita mitaa ya Dar es Salaam na simu, wakiandika upana na kina cha mitaro, wakiwauliza wenyeji maji yalifika wapi, gotini au kiunoni. Setilaiti haioni kalavati lililozibwa na chupa za plastiki. Na masika yakikolea, Sentinel-2 huona mawingu tu.

Kwa hiyo halmashauri ikishaokoa fedha za kununua picha, isizipeleke kwenye semina. Iwalipe vijana wa mtaa waipitie upya mitaro hiyo kila mwaka, kabla ya Machi.