Nilivyompatia Mwanangu Daktari wa Afya ya Akili Mtandaoni

Mwanangu alinipigia saa nane usiku. "Mama, silali." Yeye anasoma Texas, mimi niko Ohio. Nikamwambia asome dua, anywe maziwa ya moto. Wiki ya tatu akaacha kwenda darasani. Hapo nikajua hili si la maziwa.

Yumo kwenye bima yangu ya kazini. Sheria ya Marekani inamruhusu mpaka atimize miaka 26. Nikafungua orodha ya madaktari wa bima, nikapiga simu saba. Wengine hawapokei wagonjwa wapya, mmoja alishahama. Wa nane alikubali, kumbe leseni yake ni ya Ohio. Daktari wa mtandaoni kwa kawaida lazima awe na leseni ya jimbo aliko mgonjwa, si aliko mwenye bima.

Nikapiga namba iliyo nyuma ya kadi, nikaomba mkalimani wa Kiswahili, bila malipo. Nikauliza manne: Ana mkataba na bima yetu? Ana leseni ya Texas? Anapokea wapya? Mimi nitatoa kiasi gani mfukoni? Majibu nikayaandika, pamoja na tarehe na jina la aliyenijibu.

Mzazi mwenzangu, mtoto akitaja kufa, usingoje miadi. Marekani piga 988, usiku au mchana.

Wangu alionana na daktari kwa video, chumbani kwake. Waliyozungumza sikuuliza. Juzi kanipigia saa mbili asubuhi: pilau ya vikombe viwili inataka maji kiasi gani?