Yoti Inayoingia Nchini kwa Muda: Kibali, Dhamana na Wajibu wa Mwenye Chombo

Katika majira ya kusi, yoti za watu binafsi hufika katika mwambao wetu zikitokea Ushelisheli, Madagaska na kwingineko. Nyingi huja kutembea tu, zikakaa majuma au miezi kadhaa, kisha zikaondoka. Sheria haimtazami mgeni wa namna hii kama mfanyabiashara aliyeleta chombo kukiuza. Humpa nafuu inayoitwa uingizaji wa muda. Katika makala haya tunaeleza nafuu hiyo na mipaka yake, kwa faida ya mwenye chombo, na vilevile kwa faida ya Mtanzania anayekusudia kukinunua, kukikodi au kukitunza kwa niaba ya mwenyewe.

Msingi wa nafuu

Nafuu hii imewekwa na kifungu cha 117 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Haipatikani kwa kutia nanga na kunyamaza. Afisa wa forodha ndiye anayetoa kibali, na katika kibali hicho hutaja muda ambao chombo kitakaa nchini, usiozidi miezi 12. Aidha, humtaka mwenye chombo aweke amana ya fedha au dhamana inayolinda ushuru ambao ungelipwa.

Ni vema ieleweke kuwa kodi haijafutwa. Imesimamishwa tu, kwa sharti kwamba chombo kitatumika kwa kusudi lililoelezwa na kitaondoka kwa wakati. Sharti likivunjwa, kodi inadaiwa.

Kiasi kinachohusika

Ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya thamani ya chombo pamoja na bima na gharama za kukifikisha nchini. Kiwango chake husomwa katika Jedwali la Ushuru wa Pamoja la Jumuiya, ambamo yoti na vyombo vingine vya starehe vimo katika kichwa namba 8903. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18, hutozwa juu ya thamani hiyo ikiwa imekwisha kuongezwa ushuru.

Tuchukue mfano wa yoti yenye thamani ya shilingi 200,000,000, na tukadirie, kwa ajili ya hesabu tu, ushuru wa asilimia 25. Ushuru utakuwa shilingi 50,000,000. Kodi ya ongezeko la thamani itatozwa juu ya shilingi 250,000,000, nayo itakuwa shilingi 45,000,000. Jumla ni shilingi 95,000,000, kabla ya tozo nyingine zozote. Hilo ndilo deni linalosubiri nyuma ya kibali.

Wakati wa kufika

Nahodha anapaswa kuingia kwanza katika bandari iliyotambuliwa na forodha, kama vile Tanga, Dar es Salaam, Zanzibar au Mtwara, na kujitambulisha kwa maafisa kabla ya kushusha watu au vitu. Awe na cheti cha usajili wa chombo, hati ya umiliki au barua ya mwenye chombo inayomruhusu kukiendesha, orodha ya mabaharia na abiria, pamoja na hati ya kuondokea bandari aliyotoka. Tunashauri namba za injini na za vifaa vya thamani ziandikwe katika tamko, ili pasizuke ubishi siku ya kuondoka.

Akivuka kwenda Mombasa, ataripoti upya kwa forodha ya Kenya. Kibali cha Tanzania hakimwondolei wajibu huo.

Mambo yanayovunja kibali

Yoti iliyoingizwa kwa matumizi binafsi haikodishwi kwa watalii, haipelekwi uvuvi wa kulipia, na haiuzwi wala kutolewa zawadi nchini kabla ya forodha kuarifiwa na kodi kulipwa. Ndivyo ilivyo hata kwa sehemu zake: injini ya zamani ikibadilishwa, haiuzwi pwani kama chuma chakavu, kwa kuwa nayo iliingia kwa kibali kilekile. Injini mpya inayoagizwa kutoka nje ni bidhaa nyingine, na hutolewa tamko lake.

Chombo kikiharibika, au mwenyewe akiugua, ombi la kuongezewa muda liandikwe kabla ya tarehe ya kibali kupita, likiambatana na vielelezo vya fundi au vya daktari, na liheshimu kikomo cha sheria. Tarehe ikishapita, barua hiyo huwa ni utetezi, si ombi tena.

Kwa anayetaka kununua

Bei nafuu ya yoti ya mgeni anayeharakisha kurudi kwao mara nyingi ni bei isiyo na kodi ndani yake. Mnunuzi asiyeuliza anaweza kukuta chombo kimezuiliwa, fedha zimekwisha kulipwa, na muuzaji yuko ng'ambo. Kabla ya kutoa hata malipo ya awali, aombe kuona kibali na tarehe yake, kisha afike ofisi ya forodha pamoja na muuzaji ili kodi ikokotolewe. Mapatano ya maandishi yaseme ni nani atakayeilipa. Risiti ya malipo ya kodi itunzwe pamoja na hati za umiliki, kwani itahitajika tena siku chombo kitakapouzwa.

Siku ya kuondoka

Mwenye chombo apeleke kibali chake forodha, chombo kikaguliwe, na kuondoka kwake kuandikwe rasmi. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayowezesha amana kurejeshwa au dhamana kufutwa. Anayeng'oa nanga usiku bila kuaga huacha deni wazi katika vitabu vya forodha, na aliyemdhamini ndiye atakayeitwa kulilipa.