Istilahi za Bakteria wa Mizizi: Dawa, Mbolea au Chachu?

Hewa tuivutayo ina naitrojeni kiasi cha asilimia 78, lakini mimea haiwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Mimea ya jamii ya mikunde, kama vile maharage, na malisho kama lusani na desmodiamu, husaidiwa na bakteria wa udongoni. Bakteria hao huingia mizizini, nayo mizizi huota vinundu. Mmea huwapa bakteria sukari. Bakteria nao huigeuza naitrojeni ya hewa kuwa amonia, ambayo mmea huitumia kujenga protini. Kwa njia hiyo mifugo hupata malisho bora, na mabaki ya mmea yaozapo huongeza rutuba ya udongo.

Mwaka 1888 Martinus Beijerinck wa Uholanzi aliwatenga bakteria hao kutoka vinunduni na kuwakuza peke yao. Baadaye ikawezekana kuwatayarisha ili wapakwe kwenye mbegu. Katika Afrika ya Mashariki, Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza bakteria wa namna hii kwa jina la BIOFIX.

Je, kitu hiki kinachopakwa kwenye mbegu kiitweje? Swali hili si la wanaisimu peke yao, kwani jina humwongoza mkulima katika matumizi.

Tukikiita “dawa”, mkulima aweza kukichanganya na dawa za kuua wadudu au ukungu, na baadhi ya dawa hizo huwaua bakteria. Tukikiita “mbolea”, atakiweka juani kama gunia la mbolea ya chumvichumvi, na joto litawaangamiza. “Chanjo” inakaribia, lakini humfanya msomaji atarajie kinga ya maradhi. “Vimelea” nalo halifai, maana kimelea hunyonya pasipo kulipa, ilhali hapa pande zote mbili hufaidika.

Tunapendekeza “chachu ya mbegu”. Kila mpishi ajua kwamba chachu ni kidogo lakini hufanya kazi kubwa, na kwamba ikiharibika unga hauumuki. Ni kweli kwamba neno hili huleta pia wazo la uchachu. Hata hivyo, linabeba maana ambayo majina mengine hayana: kwamba kilichomo ni hai. Akilielewa hivyo, mkulima hatashangaa kuambiwa aihifadhi mahali pa baridi, aipake kivulini, na azipande mbegu mara moja katika udongo wenye unyevu.

Jambo la pili ni majina ya malisho yenyewe. Lusani ni mmea mfupi wenye maua ya zambarau. Lusina ni mti. Yote miwili ni mikunde na yote miwili hulishwa mifugo, kwa hiyo mfasiri asiye mwangalifu huyabadilishana majina. Lakini bakteria wa lusani hawaoti vinundu vyenye manufaa katika mizizi ya lusina. Kosa la irabu mbili katika kijitabu laweza kumgharimu mfugaji mbegu na msimu mzima.

Kwa ajili ya watafsiri na walimu, tunazifafanua istilahi hizi:

1. Kinundu: uvimbe mdogo mzizini wanamoishi bakteria. Kikipasuliwa na ndani kikaonekana chekundu au cha waridi, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, hakifanyi kazi.

2. Ushirika wa kufaana: maisha ya pamoja ya viumbe wawili ambamo kila mmoja humnufaisha mwenzake.

3. Ufungaji wa naitrojeni: kazi ya bakteria ya kuigeuza naitrojeni ya hewa kuwa amonia.

4. Chachu ya mbegu: bakteria hai waliotayarishwa ili wapakwe kwenye mbegu za mkunde maalumu.

Katika fasili ya mwisho, maneno “hai” na “maalumu” yasiachwe, hata pale nafasi ya maandishi kwenye kifuko inapokuwa finyu.