Kichupa kimoja, vipimo viwili

Kilichoninasa ni plasta. Kipande cheupe, upana wa kidole, kimebandikwa kwenye bomba la sindano na kuandikwa kwa kalamu: MSHIPA 10. Kwenye bomba la mtoto wa kitanda cha pili: MSULI 20.

Muuguzi aliyeandika maneno hayo hufanya zamu ya usiku katika kituo kimoja cha afya huku Mayoni, na hataki jina lake litajwe. Malaria kali, asema, haimsumbui sana, ameizoea. Kinachomnyima raha ni kichupa cha dawa yake, artesuneti.

Ndani mna unga, miligramu 60. Unauyeyusha kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti, unatikisa hadi maji yatakate. Hapo njia zinaachana. Dawa ya kupitia mshipani huongezwa maji ya chumvi mililita 5. Ya msulini, mililita 2 tu. Kwa hiyo kila mililita ya mshipani ina miligramu 10, ya msulini 20, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 30: mililita 3 za mshipani, au 1.5 za msulini. Ukichanganya hesabu hizo mbili, amepata maradufu au nusu.

Ndiyo maana ya plasta. Haikuagizwa na mtu. Tena hupiga hesabu kwa sauti, mama wa mtoto akisikiliza, hata kama mama haelewi neno. Asema kosa likitamkwa, sikio lake mwenyewe hulidaka. Na hakubali uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha kliniki mwezi uliopita. Mtoto aliyetapika siku tatu si yule aliyepimwa wakati ule. Mizani kwanza, hata mama akinung'unika.

Chuoni walikaririshwa: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Walifundishwa pia kwamba dawa za hatari zikaguliwe na wawili. Usiku wa mvua, watoto wanne wakiwa na degedege na yeye peke yake wodini, huyo wa pili ni nani?

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitaka madhara makubwa ya dawa yanayoepukika yapungue kwa nusu katika miaka 5. Miaka hiyo imekwisha. Mayoni bado ni plasta.

Nusu dozi ndiyo inayomtisha zaidi. Maradufu huenda ikaonekana. Nusu haipigi kelele: mtoto anachelewa kupata nafuu, lawama zinaiangukia malaria, na hakuna anayerudi kukihesabu kichupa. Ni mara ngapi imetokea?

Bodi ya Dawa na Sumu ina fomu ya kuripoti makosa ya dawa. Anaijua. Ila anauliza, bila hasira: akiijaza, atakayeisoma kwanza ni Bodi iliyoko Nairobi, au ni mkubwa wake anayepanga zamu?