Panthers 1996: timu iliyopanda wakati nyota wake, Mkongomani, yuko majeruhi

Bandugu na dada zetu wa unif, ukiuliza kijana wa Goma amtaje Mkongomani aliyecheza michezo ya kulipwa Marekani, atakujibu Dikembe Mutombo bila kufikiri, na atakuonyesha na kile kidole chake cha kukataza. Ni sawa kabisa. Lakini kuna mwingine ambaye kwetu karibu hatajwi: Tshimanga Biakabutuka. Huyu alicheza futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, na mwaka 1996 alikuwa ndani ya timu iliyoshangaza nchi nzima: Carolina Panthers.

Naandika juu ya msimu ule kwa sababu unaeleza vizuri namna timu changa inavyoweza kupanda haraka. Tena ilipanda baada ya nyota wake kuanguka. Sisi wenye diploma mkononi na kazi bado, tunazoea kuamini kwamba jambo linasimama kwa mtu mmoja: mkubwa fulani, mjomba fulani, prezidenti fulani wa kikundi. Basi tuangalie ilikuwaje.

Biakabutuka alizaliwa Kinshasa mwaka 1974. Jina Tshimanga peke yake linakuambia Kasai. Akiwa mtoto, familia yake ilihamia Kanada, upande wa Québec, na ni kule alijifunza mchezo huu. Baadaye akaenda Chuo Kikuu cha Michigan, ambako walimwita Tim, labda juu jina lenyewe liliwashinda ulimi. Novemba 1995, katika mechi dhidi ya Ohio State, mahasimu wakubwa wa Michigan, alikimbia na mpira jumla ya yadi 313, karibu mita 286. Kwa mechi moja, hiyo ni hesabu ya ajabu.

Kwa asiyejua mchezo, nieleze kidogo. Timu yenye mpira ina majaribio 4 ya kuusogeza mbele yadi 10, ni kusema mita 9 na kidogo. Ikifaulu, inapewa majaribio mengine 4. Ikishindwa, mpira unaenda kwa adui. Anayeongoza ni kwotabeki, yule anayepokea mpira na kuamua kuurusha au kumpa mwenzake akimbie nao. Mkimbiaji ndiye anayepenya katikati ya watu wenye kilo 100 na zaidi. Fikiria mtu anayepita na chukudu iliyojaa viazi katikati ya Birere siku ya soko, na kila anayemwona anataka kumwangusha. Ukifikisha mpira mwisho wa uwanja unapata alama 6. Ukiupiga teke ukapita katikati ya nguzo, unapata 3.

Sasa, Panthers walitoka wapi? Zamani hawakuwepo. Ligi ya NFL iliwapa ruhusa ya kuanzishwa mwaka 1993, na walicheza msimu wa kwanza mwaka 1995. Uwanja wao wa Charlotte ulikuwa haujaisha, wakaazima ule wa chuo cha Clemson, jimbo la jirani. Mechi 5 za kwanza walifungwa zote. Lakini walimaliza na ushindi 7 na vipigo 9, na hakuna timu mpya iliyokuwa imewahi kushinda mechi nyingi hivyo katika msimu wake wa kwanza.

Hapa ndipo kanuni za ligi zinapoingia. Kwetu, timu inayomaliza mwisho inashuka daraja. Inapoteza wadhamini, wachezaji wake bora wanachukuliwa, na kupanda tena inakuwa mateso. NFL inafanya kinyume. Hakuna kushuka daraja, na kila mwaka vijana wanaotoka vyuoni wanagawanywa kwa zamu: kwa kawaida timu iliyofanya vibaya zaidi inachagua wa kwanza, bingwa anachagua wa mwisho. Tena tangu 1994 kuna kikomo cha mishahara. Mwaka 1996 kilikuwa karibu dola milioni 41 kwa kila timu, tajiri au maskini. Ni kusema tajiri hawezi kununua kila mtu, na mchezaji ambaye mkataba wake umeisha anaweza kwenda anakotaka. Kanuni hizi hazimpi mnyonge ushindi. Zinampa nafasi ya kupigania.

Panthers waliitumia nafasi ile kwa akili. Mwaka 1995 walichagua kwotabeki kijana, Kerry Collins. Mwaka 1996, zamu yao ikiwa ya 8, wakamchagua Biakabutuka wetu. Na pembeni ya vijana wakaweka wazee ambao wengine waliona wamekwisha. Kevin Greene alikuja akiwa na miaka 34, na mwaka ule akaongoza ligi nzima kwa kuwaangusha makwotabeki wa maadui kabla hawajarusha mpira.

Lakini mzee ninayempenda mimi ni Sam Mills. Alikuwa na urefu wa mita 1.75 hivi, mfupi sana kwa nafasi yake ya ulinzi. Alipomaliza chuo hakuna timu iliyomchagua. Cleveland walimjaribu wakamwacha. Toronto, kule Kanada, nao wakamwacha. Akaenda kufundisha upigaji picha kwenye shule ya sekondari New Jersey. Wangapi kati yetu wako hapo sasa, na lisansi ya uchumi au sheria, wakifundisha darasa la 5 ya sekondari huku wakingoja? Mills alirudi uwanjani kupitia ligi nyingine ndogo iliyokuja kufa, kocha wake akampeleka New Orleans, na mwaka 1996 alikuwa na miaka 37, nahodha wa ulinzi wa Panthers. Mwaka 2022, karibu miaka 17 baada ya kifo chake, aliingizwa katika nyumba ya heshima ya mchezo ule.

Basi msimu wa 1996 ukaanza, sasa kwenye uwanja wao mpya Charlotte. Walishinda mechi 3 za kwanza, moja ikiwa dhidi ya San Francisco, wakubwa wa kundi lao. Mechi ya 4, mwisho wa Septemba dhidi ya Jacksonville, goti la Biakabutuka likakatika mshipa. Msimu wake ukaishia pale. Kwa mwaka mzima alikuwa amekimbia yadi 229 tu.

Aliyechukua nafasi yake aliitwa Anthony Johnson. Usijilaumu kama humjui. Alikuwa mtu wa akiba, aliyekwisha kupita Indianapolis, New York na Chicago, na hakuna aliyemlilia alipoondoka. Mwaka ule alikimbia yadi 1,120, zaidi ya mita 1,000, akawa mchezaji wa kwanza katika historia ya Panthers kuvuka yadi 1,000 kwa msimu mmoja. Hakuwa na kipaji cha kijana wa Kinshasa. Alikuwa tayari, na mambo yote ya timu alikuwa anayajua.

Hapa nisimame kidogo, sababu tarehe hizi kwetu zina maana nyingine. Oktoba 1996 vita vya AFDL vilikuwa vimewaka Kivu ya Kusini, na tarehe 1 Novemba Goma ikaanguka. Katikati ya mwezi ule, mamia ya maelfu ya wakimbizi walitoka Mugunga, wakapita katikati ya mji kuelekea Rwanda. Wazazi wetu wanazikumbuka siku zile kwa miguu yao. Wengi tunaosoma ukurasa huu hatukuwa tumezaliwa, au tulikuwa mgongoni. Hakuna aliyekuwa na muda wa kujua kwamba Mkongomani mmoja amelala na goti lililofungwa bendeji kule Carolina. Silinganishi goti na vita. Ninasema tu kwa nini jina lake lilipita bila sisi kulisikia.

Mwanzoni mwa Novemba hiyo hiyo, Panthers walikuwa na ushindi 5 na vipigo 4. Timu ya kawaida tu. Kutoka hapo walishinda mechi zote 7 zilizobaki, wakamaliza na 12 kwa 4, wakachukua uongozi wa kundi lao mbele ya San Francisco. Nyumbani hawakufungwa hata mara moja kwenye mechi 8 za msimu wa kawaida. Kocha Dom Capers alijenga ulinzi mgumu sana: timu moja tu katika ligi nzima, Green Bay, iliruhusu alama chache kuliko wao. Na mpiga teke John Kasay alipitisha mipira 37 katikati ya nguzo, rekodi ya ligi wakati ule. Ni kusema walipanda kwa alama 3, tena 3, tena 3, huku adui akizuiwa. Hakukuwa na miujiza mingi ya kuonyesha kwenye televisheni.

Tarehe 5 Januari 1997 wakawakaribisha Dallas Cowboys, mabingwa watetezi. Timu ya miaka miwili ikawatoa mabingwa kwa 26 kwa 17, na mzee Mills akadaka mpira wa adui mwishoni. Wiki moja baadaye, kwenye baridi ya chini ya sifuri kule Green Bay, walipoteza 30 kwa 13. Wangeshinda, wangeingia fainali kuu, Super Bowl. Green Bay ndio walioingia, na wakachukua kombe.

Kama mfano wa Carolina uko mbali, tuko na wa nyumbani. Mwaka 2010 TP Mazembe ya Lubumbashi ilimpoteza nahodha wake, Trésor Mputu, aliyefungiwa na FIFA karibu mwaka mzima. Watu wengi walisema imekwisha. Mazembe wakachukua kombe la mabingwa wa Afrika kwa kuwapiga Espérance ya Tunis 5 kwa 0 katika mechi ya kwanza ya fainali, kisha Abu Dhabi wakawatoa Internacional ya Brazili 2 kwa 0. Wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya kombe la dunia la vilabu. Walifungwa na Inter ya Milano 3 kwa 0, lakini Kidiaba na ule mruko wake wa makalio hakuna aliyemsahau. Mabao ya nusu fainali yalifungwa na Kabangu na Kaluyituka, wakati jina lililokuwa midomoni mwa watu lilikuwa la Mputu.

Sasa tuje kwetu. Januari 2025 tuliona vile siku chache zinavyoweza kugeuza kila kitu: benki zilifunga, uwanja wa ndege ukafunga, wenzetu wengi wakaondoka bila kuaga. Najua kikundi kimoja cha vijana 12 waliokuwa na likirimba na mradi mdogo wa kuuza unga. Walikuwa na nidhamu nzuri. Lakini orodha ya waliochangia, namba ya siri ya pesa za simu na mawasiliano ya muuzaji, vyote vilikuwa kwa mtu mmoja. Alipovuka mpaka, hakuiba hata franka moja. Ila simu yake ilipotea njiani, na kikundi kikafa siku ile ile. Hakuna aliyekuwa Anthony Johnson pale, sababu hakuna aliyeandaliwa kuwa yeye.

Kumuandaa mtu wa pili hakuhitaji pesa. Kunahitaji mweka hazina asaini pamoja na mwingine, daftari liwe na nakala, na prezidenti akubali kwamba mikutano mingine aongoze msaidizi wake, hata kama atafanya vibaya mara ya kwanza. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu, tusidanganyane. Wengi wetu tunapenda kuitwa wa lazima.

Niongeze na upande wa pili ili nisiwauzie ndoto. Mwaka 1997 Panthers walirudi kwenye ushindi 7 na vipigo 9. Mwaka 1998 walishinda mechi 4 tu, na Capers akafukuzwa. Wazee walizeeka kweli, na waliotakiwa kuwarithi hawakuwa tayari. Ile kazi ya kuandaa mtu wa pili haifanywi mara moja ikaisha. Biakabutuka mwenyewe alipona, akarudi, akacheza hadi 2001, na mwaka 1999 alikuwa na mechi nzuri kweli kweli. Kwa hiyo kupumzisha jina kubwa si kulitupa.

Bandugu, kila mmoja afanye zoezi dogo wiki hii, kwa kikundi chake, kwa likirimba yake, hata kwa biashara ya mama nyumbani: aandike jina la mtu ambaye, akiondoka kesho asubuhi, kazi itasimama. Kisha aandike jina la wa pili. Kama nafasi ya jina la pili imebaki tupu, hapo ndipo pa kuanzia.