Majani ya Chumvi Kando ya Ziwa Turkana

Msomaji, ukifika Todonyang, kaskazini mwa Turkana karibu na mpaka wa Ethiopia, tazama chini kabla hujalitazama ziwa. Utaona majani mafupi, magumu, yenye ncha kali kama sindano, yametandaa juu ya mchanga kama mkeka. Wataalamu huyaita Sporobolus spicatus. Hayakupandwa na mtu.

Kwa nini yaote hapo? Ziwa Turkana halina mto utokao. Maji yake hukaushwa na jua, na magadi hubaki. Chumvi hiyo huua majani mengi, lakini haya huivumilia. Shina lake hutambaa juu ya mchanga, na vifundo vyake hutoa mizizi. Hata likiliwa huchipua tena, maadamu mizizi ipo na udongo una unyevu.

Majani ya nyanda za Lodwar, kama Aristida mutabilis, hayana tabia hiyo. Mvua ikinyesha huota upesi, hutoa mbegu, kisha hufa. Ndiyo sababu wakati wa ukame mfugaji hushuka ziwani.

Katika maji ya kina kifupi huota majani mengine, Paspalidium geminatum. Ng'ombe huingia majini kuyala, na samaki wadogo hujificha humo. Mchungaji na ajihadhari na mamba.

Lakini malisho haya ni ukanda mwembamba. Karibu sehemu 9 katika 10 za maji ya ziwa hutoka Mto Omo. Maji yakirudi nyuma, majani huyafuata. Yakijaa, kama yalivyojaa kwenye mwaka 2020, malisho huzama. Tena Waturkana na Wadassanech wote huyahitaji. Malisho na samaki wa huko vimegombaniwa, na Mei 2011 watu wengi waliuawa Todonyang.

Basi ninyi wafugaji, shikeni mambo matatu:

1. Hamisheni mifugo kabla majani hayajaliwa hadi mizizi.

2. Ng'oeni miche ya mathenge ingali midogo. Mbuzi hula maganda yake na kueneza mbegu kwa mavi.

3. Wazee wa pande zote mbili wapatane juu ya zamu za kulisha kabla ya kiangazi, si baada ya ugomvi.

Shamba la mkulima huzungushiwa ua wa miti. Malisho ya Todonyang hayana ua ila mapatano.