Kamera za Ulinzi: Nani Ameshika Ufunguo?

Mteja anaponunua kamera za ulinzi, huuliza idadi yake na ubora wa picha. Ni nadra kuuliza nani ataweza kuzitazama picha hizo, na nani ataweza kuzifuta.

Mifumo mingi imekuwa ikiuzwa na nywila ya kiwandani inayojulikana na watu wengi. Mwaka 2016, programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera na vifaa vingine vya intaneti duniani kwa kujaribu nywila za aina hiyo tu. Kwa hiyo, nywila ibadilishwe siku ile ile ya makabidhiano, na mwenye mali aiandike kwa mkono wake mwenyewe, si kwa mkono wa fundi.

Kwa kawaida mfumo huwa na ngazi tatu za ruhusa. Msimamizi hubadilisha mipangilio, huongeza watumiaji na huweza kufuta kumbukumbu. Mwendeshaji hutazama picha za sasa na kurudia zilizorekodiwa. Mtazamaji huona picha za sasa peke yake.

Tunashauri ngazi ya usimamizi ibaki kwa mwenye mali. Mlinzi wa getini anatosheka na ngazi ya mtazamaji. Msimamizi wa duka anaweza kupewa uendeshaji, lakini asiwe na uwezo wa kufuta. Maana upotevu ukitokea dukani, ushahidi hautakiwi kuwa mikononi mwa anayechunguzwa. Kila mtu awe na akaunti yake, ili ijulikane nani aliingia na saa ngapi. Mfanyakazi akiacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo.

Kumbuka pia kwamba picha ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi, na nchini Tanzania taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho, hakikisha mambo matatu: mfumo umesajiliwa kwa barua pepe na namba yako ya simu, simu ya fundi imeondolewa, na orodha ya watumiaji haina jina usilolijua. Likikosekana hata moja kati ya hayo, nyumba ni yako, lakini ufunguo bado uko kwa mwingine.